Kombe wamekuwa kama mpira na mchanga haukutoka: nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mume wangu alirudi Jumamosi na kombe, wale viumbe wa maganda wa baharini, kilo 2 aliouziwa na kina mama waliokuwa wakitoka pwani. Sikuwahi kuwapika. Niliwaroweka kwenye ndoo ya maji ya kisima usiku kucha ili wateme mchanga, asubuhi nikawachemsha saa nzima walainike. Wakawa wagumu kama mpira wa ndala, mchanga unakwaruza meno, na maji yao yalikuwa mekundu hata mwanangu mkubwa akakataa kula. Mtoto wetu mdogo wa miaka 3 alitapika mara mbili usiku ule, ila asubuhi aliamka salama. Mume wangu anasema kwao Msambweni, pwani ya kusini, alikula kombe watamu tangu utotoni. Nimekosea wapi, na je, niwapikie watoto tena? Mama wa watoto watatu, Kisauni.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa mtoto. Ikiwa bado anaharisha, ana homa, amekauka midomo au anakojoa kidogo, acha kusoma hapa umpeleke hospitali kwanza. Kama amesharudi kucheza, kaa tuzungumze. Yote uliyoyataja yana mzizi mmoja: ulimpokea kombe kama unavyopokea kilo ya nyama. Kombe anafika jikoni akiwa hai, na kazi yako ni kumweka hai mpaka anapoingia kwenye moto mkali. Akishaingia, kazi inayobaki ni kujua wakati wa kumtoa.

Tuanze na ile ndoo, kwa sababu mimi ningeishuku hiyo kabla ya kitu kingine. Kombe ameumbwa kwa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji matamu anafunga ganda kwa nguvu zake zote, na ule mchanga uliotaka autoe anaufungia ndani. Saa zinapita, anachoka, anakufa, ganda linaachama. Na kombe aliyekufa katika joto letu la Mombasa huharibika kwa saa, wala hangoji siku. Bakteria wanazaana, na sumu nyingine wanazoziacha haziondoki hata ukichemsha. Visima vyetu vingi vina uchumvi kidogo na mtu hudhani utatosha, lakini ni mbali sana na uchumvi wa bahari. Kisima kikiwa karibu na choo cha shimo, basi umewaongezea uchafu ambao hawakuja nao.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu na mimi niliwahi kuyafanya. Mwaka wangu wa kwanza katika jikoni la hoteli, niliachiwa kreti nzima ya kombe usiku, nami nikafungulia maji ya bomba yakawafunika, nikaenda kulala nikijua nimefanya kazi njema. Asubuhi nilipofunua kifuniko, kila ganda lilikuwa wazi na harufu ilinifikia kabla sijainama. Wote walimwagwa. Mama mmoja aliyekuwa akituletea samaki aliniona nimesimama pale, akaniambia, "Wewe umewazamisha." Neno hilo sijalisahau, kwa sababu ndilo hasa lililotokea.

Sasa fanya hivi. Chukua maji safi ya kunywa, kila lita 1 utie gramu 35 za chumvi, yaani vijiko 2 vya mezani vilivyosawazishwa, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Huo ndio uchumvi wa bahari. Mimi napenda ile chumvi ya mawe ya Gongoni, lakini ya kawaida ya dukani inafaa. Kama maji ni ya bomba na yananuka dawa, yaache wazi kwenye sufuria pana tangu jana yake. Usitumie ndoo. Tumia karai pana au sinia lenye kina, na chini yake weka chekecheke au wavu wowote wa jikoni, kombe wakae juu ya wavu na mchanga uanguke chini. Wakikaa kwenye sakafu ya chombo wanauvuta tena ule ule walioutema. Maji yawafunike kwa upana wa vidole viwili tu, kwa kuwa wanahitaji hewa, na kina kirefu kilichotulia kinawaishia hewa upesi. Funika kwa kitambaa wapate giza, weka mahali pa baridi, ondoka. Saa 2 au 3, badilisha maji, kisha saa 1 nyingine.

Baada ya nusu saa ya kwanza nenda polepole uinue pembe ya kitambaa. Utawaona wameachama kidogo, kama mdomo wa mtoto aliyelala, na kila baada ya muda kivumbi chembamba kinatoka pembeni ya ganda na kuzama taratibu. Gusa mmoja kwa kidole. Akifunga, yu hai. Ambaye umemgusa, ukamgonga, bado kaachama, huyo mtupe. Hata aliyefunga usimwamini upesi: mshike baina ya kidole gumba na cha shahada, ujaribu kuyasukuma maganda yake mawili yateleze kila moja upande wake. Aliye hai hayasogei. Akisogea, mara nyingi ndani utakuta tope tupu, na ganda moja la tope linatosha kuharibu sufuria nzima. Mwisho wa yote, watoe kwa mkono mmoja mmoja. Ukiwamwagia kwenye chujio pamoja na maji yao, umewarudishia mchanga wote kichwani.

Kuna mchanga mwingine ambao haukuwa tumboni kamwe. Kwa maelezo yako ya maji mekundu, ninaamini mlinunua wale wa ganda nene lenye mifereji kama bati la kuezekea, wenye manyoya ya kahawia pembeni. Majina yanabadilika kutoka kijiji hadi kijiji, huku kombe, kule kome, ila ukimwona humsahau. Tope hukaa ndani ya ile mifereji na chini ya manyoya. Wasugue kwa brashi ngumu ya kufulia, mmoja baada ya mwingine, chini ya maji yanayotiririka, dakika chache kabla ya kupika. Kazi hiyo inachosha mikono na haina njia ya mkato.

Kuhusu wekundu, mwambie mwanao asiogope. Kombe wa jamii hii wana damu yenye rangi ile ile inayoifanya damu yetu iwe nyekundu, tofauti na chaza na konokono wengi wa baharini. Wekundu si dalili ya kuoza. Kinachokuonyesha kuoza ni pua: kombe mzima ananuka bahari wakati wa maji kupwa, na aliyeharibika ananuka kitu ambacho hutahitaji kuelezwa.

Lakini wekundu huo huo uliwahi kuwaponza watu, na hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu. Mjini Shanghai, China, watu walipenda kombe wa damu wakiwa wamechovywa tu kwenye maji ya moto, nyama ingali nyekundu. Mapema mwaka 1988 waliletwa kombe kutoka maji yaliyoingiliwa na maji taka, na katika wiki chache watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A. Kombe wenyewe hawakuwa wagonjwa. Kombe anaishi kwa kuchuja: anavuta maji, anabakiza chembe, anatoa maji, mchana na usiku. Chochote kilicho majini, kiwe chakula au kinyesi, kinapita mwilini mwake na kingine kinabaki.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji amewatoa wapi. Mimi siwapikii watoto kombe wa hori ya Tudor, ule mkono wa bahari ulio kando ya mji wa Mombasa, maana maji machafu ya mitaa yanaingia humo. Wala siwachukui wa Makupa, ambako dampo la Kibarani lilikuwa kandokando ya maji kwa miaka mingi. Madini mazito hayaondoki kwa moto, hata upike mpaka kesho. Wa Gazi na Msambweni, kwenye maji yanayopumua na bahari kuu, hao nawapika kwa moyo mkunjufu. Mume wako hakukosea kuwasifu wa kwao. Na wakati wa masika, mvua kubwa zinaposhusha kila kitu kutoka mitaani hadi baharini, mimi hupumzika kabisa mpaka maji yasafike. Ukisikia kuna kipindupindu mjini, vivyo hivyo.

Jambo jingine ambalo kina mama wa pwani wanalijua na sisi wa mjini tunalisahau: angalia mwezi. Kombe huokotwa vizuri wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari inapokupwa mbali na miamba na mchanga ukabaki wazi. Siku za maji mafu, baina ya hapo, maji hayaendi mbali. Ukiona kombe wengi sokoni siku hizo, uliza wametolewa lini na wamelala wapi.

Sasa tuje kwenye ule ugumu, na nadhani najua ulifikiria nini. Ulifikiria pweza. Sisi sote tumekua tukiona pweza anapigwa kwenye jiwe, anachemshwa muda mrefu, na kweli analainika. Nyama ya pweza ina nyuzi zinazoyeyuka polepole kwa moto wa muda mrefu. Nyama ya kombe ni msuli mdogo usio na nyuzi za aina hiyo za kutosha. Moto ukimfikia anajikunyata, anatoa maji yake, na kila dakika unayoongeza inamkamua zaidi. Saa yako moja haikuwa inalainisha kitu, ilikuwa inakausha.

Basi apikwe kwa muda gani? Hapa kuna mvutano wa kweli baina ya ladha na usalama, na mimi nimechagua upande. Wapishi wengi wa Ulaya humtoa kombe mara tu ganda linapofunguka, na hapo ndipo alipo laini kuliko wakati wowote. Lakini ganda hufunguka kabla ya ndani kupata moto wa kutosha. Virusi vile vya Shanghai vinahitaji kiini cha nyama kifike nyuzijoto 90 na kikae hapo sekunde 90. Kwa hiyo mimi huwapika kwa mvuke mkali, nangoja wafunguke, kisha nahesabu dakika 5 kwa saa, si kwa kukisia, huku mvuke unaendelea. Wanapoteza ulaini kidogo. Ninaukubali upotevu huo kwa ajili ya watoto, na mchuzi mzuri unaufidia.

Chukua sufuria pana yenye kifuniko kizito. Tia maji robo kikombe tu, bila chumvi, yachemke kwa nguvu. Tia kombe, wasizidi tabaka mbili ili mvuke uwafikie wote, kama ni wengi pika kwa mikupuo miwili. Funika. Tikisa sufuria mara moja au mbili. Dakika 4 hadi 6 utasikia maganda yanagongana yakifunguka, kisha anza kuhesabu zile 5. Ambaye hakufunguka hadi mwisho, mtupe. Wapo wanaobaki wamefunga ilhali wameiva, najua, lakini nyumbani kombe mmoja hastahili kubahatishiwa.

Yale maji yaliyobaki sufuriani usiyamwage. Ndiyo roho ya mchuzi. Yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, taratibu, na kijiko cha mwisho chenye mchanga kibaki chini. Onja: yana chumvi ya kutosha, ndiyo maana mchuzi huu hautiwi chumvi mpaka mwisho kabisa. Watoe kombe kwenye maganda, wakubwa wapasue kwa kisu kidogo uondoe utumbo mweusi, maana mchanga uliokaidi umejificha humo. Kisha kata nyama vipande vyembamba kwa kukingama. Vipande vyembamba haviwashindi watoto kutafuna, na pia mtoto hatakabwa na kombe mzima.

Kwa watu sita nakuna nazi 2. Nakamua tui zito kikombe 1 naliweka kando, kisha natia maji vuguvugu na kukamua tui jepesi vikombe 2. Nakaanga vitunguu maji 2 kwa mafuta kidogo mpaka vipate rangi ya dhahabu hafifu, natia thomu punje 5 na tangawizi iliyotwangwa, manjano nusu kijiko cha chai, uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa na kusagwa kijiko 1 cha chai, nyanya 3 zilizosagwa. Hapa usiharakishe. Nyanya ikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni, la sivyo mchuzi utakuwa na uchachu mbichi ambao nazi haiufichi. Natia tui jepesi pamoja na yale maji ya kombe, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, itoe harufu bila kuwachoma watoto. Ukiwa na mbirimbi mtini, tia 4 au 5. Mchuzi uchemke hadi upungue theluthi moja. Sasa punguza moto, tia tui zito, ukoroge kwa upande mmoja bila kuacha, usiliruhusu kutokota kwa nguvu lisije likakatika. Likishashika, ndipo kombe waingie. Dakika 2, wapate moto tu. Zima, kamulia ndimu, nyunyizia dania.

Wali mweupe unatosha, kwa sababu wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi unalemea. Mkate wa mofa wa moto ni bora kuliko vyote viwili, kama una anayekuuzia karibu. Mchuzi ule ule unafaa kwa chaza waliokwisha bambuliwa, ila chaza mbichi namna hiyo uwachemshe dakika 3 kamili ndani ya tui jepesi kabla ya tui zito. Na wale kome wakubwa wa New Zealand wanaouzwa wakiwa wamegandishwa kwenye nusu ganda wamekwisha pikwa kidogo kabla ya kugandishwa, lakini wapashe moto mpaka katikati.

Kabla hujamkaribisha jirani, muulize. Nyumba zetu nyingi za Waswahili hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao vyakula vya baharini vimeruhusiwa. Lakini Mombasa ina majirani wa Hanafi, Mabohora na Waithnaasheri wasiokula kombe, na sufuria iliyofunuliwa mbele ya mgeni si mahali pazuri pa kuligundua hilo.

Sasa swali lako la mwisho, uwapikie watoto tena? Mkubwa na wa katikati, ndiyo, ukijua kombe wametoka wapi na ukafuata saa. Huyu wa miaka 3 ningempumzisha miezi michache, kisha nimjaribu kwa kipande kimoja kidogo, mchana, siku ambayo upo nyumbani. Ninasema mchana kwa makusudi: kutapika kwake kunaweza kuwa kulitokana na kombe waliokufa, na kunaweza kuwa mwili wake haupatani na viumbe wa maganda. Akitokwa na vipele, akavimba midomo au akahema kwa shida, ni hospitali wakati huo huo, na asile tena kombe wala chaza, na kamba na kaa usimpe mpaka daktari aseme. Na mtu yeyote nyumbani, mkubwa au mdogo, akihisi ganzi au mchonyoto midomoni na ncha za vidole muda mfupi baada ya kula, msingoje asubuhi. Hiyo inaweza kuwa sumu ya mwani mdogo wa baharini ambao kombe amechuja. Haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Mjamzito, mgonjwa wa ini au wa kisukari asionje mbichi kabisa, hata kwa ndimu. Ndimu haiui kitu hapo.

Mume wako akienda tena kwao, apange safari na bamvua, na avuke feri na gunia la katani lililoloweshwa maji ya bahari, kombe wakiwa ndani na mdomo wa gunia umefungwa kwa ulegevu. Asiwafungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, asiwaweke kwenye ndoo ya maji, asiwaning'inize kwenye pikipiki juani. Msambweni si mbali, ni kama kilomita 50. Akifika kabla ya adhuhuri, karai lako la maji ya chumvi liwe tayari kivulini, na jioni mnapika.